Baba, Ukoo na Mahakama: Tarikhi ya Watoto wa Wazazi Waliotengana Mjini Kampala

Mume na mke wakiachana, ndoa huvunjika lakini ubaba hauvunjiki. Na kila kaumu iliyopata kuishi juu ya ardhi imejitungia njia yake ya kuhakikisha kwamba mtoto, ambaye hakuulizwa shauri wazazi wake walipooana wala walipotengana, hakosi haki yake kwa baba yake. Katika mji wa Kampala njia hizo zimekuwa nyingi, kwa sababu mji wenyewe umekaliwa na watu wa asili nyingi: Waganda wenye nchi, Waislamu waliosomeshwa dini na wafanya biashara wa pwani, Wanubi walioletwa na Kapteni Lugard, Wajaluo na Waluhya waliofuata kazi, Waacholi na Walango wa kaskazini, Wanyankole, Wanyarwanda na wengineo. Nia yangu ni kuieleza tarikhi ya jambo hili, tangu zama ambazo ukoo ndio uliokuwa hakimu, hata zama zetu ambazo mahakama, polisi na simu ya mkononi vimeingia kati ya baba na mwanawe. Na kila zama nitaipima kwa mambo matatu ambayo mtoto humdai baba yake: jina, riziki, na kuwapo kwake baba mwenyewe katika maisha ya mtoto.

Hatuna budi kuanza na Buganda ya kale, maana vilima ambavyo Kampala imejengwa juu yake vilikuwa vilima vya Kabaka, yaani mfalme wa Buganda, na watu wake kabla ya kuwa mji wa mtu mwingine yeyote. Waganda ni watu wa koo, na ukoo wa mtu hufuata upande wa baba, isipokuwa katika nyumba ya Kabaka, ambako desturi imekuwa kufuata upande wa mama. Kila ukoo una muziro wake, yaani mnyama, samaki au mmea ambao watu wa ukoo huo hawauui wala hawauli. Una wazee wake, una makaburi yake, na una hazina ya majina ambayo hapewi mtu asiye wa ukoo. Kwa hiyo mtoto aliyezaliwa alikuwa mtoto wa ukoo kabla ya kuwa mtoto wa fulani, na ndugu za baba yake wote aliwaita baba, wala hakuwaita hivyo kwa adabu tu, kwani walikuwa na dhima juu yake.

Dhima hiyo ilithibitishwa hadharani katika sherehe iitwayo okwalula abaana, ambayo mmisionari John Roscoe aliieleza katika kitabu chake juu ya Waganda kilichotoka mwaka 1911, na ambayo baadhi ya koo hazijaiacha hata leo. Kipande cha kitovu kilichokauka na kuanguka, kiitwacho kalira, mama alikuwa akikihifadhi kwa uangalifu mkubwa. Na siku ya sherehe, mbele ya wazee wa ukoo wa baba na shangazi za mtoto, kilitiwa katika chombo chenye maji yaliyochanganywa na maziwa na pombe ya ndizi, watu wote wakainama kutazama. Kikielea, mtoto alikuwa wao, na vigelegele vikapigwa. Kikizama, mama alikuwa amefedheheka mbele ya kadamnasi. Ndipo mtoto alipopewa jina katika majina ya ukoo, na tangu saa ile hapakuwa na mtu aliyeweza kumkana, hata baba yake mwenyewe, kwa sababu walioshuhudia walikuwa wengi na jina lilikwisha kutoka vinywani mwao.

Basi mke alipochoshwa na mumewe akakimbilia kwao, mume alipaswa kwenda kwa wakwe zake na pombe ya kuombea radhi; na kama suluhu haikupatikana, mambo ya mahari yalirejewa, mke akaachiliwa, na watoto wakahesabiwa upande wa baba. Mchanga anyonyaye alikwenda na mama yake, lakini akiisha kukua aghalabu alirudishwa. Hata hivyo kurudishwa kwa baba hakukuwa na maana ya kuishi chini ya dari moja naye, kwa kuwa Waganda walikuwa na desturi ya kuwatoa watoto walelewe na babu, na baba wadogo, au na shangazi, ambaye humwita ssenga na ambaye ndiye mwalimu wa binti katika mambo ya unyumba; na watoto wa kiume wenye bahati walipelekwa katika nyumba za machifu, au katika ikulu yenyewe ya Kabaka, wakajifunze utumishi. Bibi Lucy Mair, aliyefanya utafiti Buganda na kuandika kitabu chake mwaka 1934, alishangazwa na wingi wa watoto waliokuwa wakilelewa katika nyumba zisizo za wazazi wao.

Nikiipima zama hiyo kwa kipimo nilichokitaja, naona kwamba jina lilikuwa imara kuliko wakati wowote uliofuata, na riziki ilikuwapo, maadamu migomba ilizaa na ukoo ulikuwa na ardhi. Kuwapo kwa baba mwenyewe ndiko kulikokuwa jambo la bahati. Wala haitupasi kuisifu desturi hiyo kupita kiasi: mama hakuwa na sauti ya kudai watoto wake, na mtoto aliyeondolewa kifuani mwa mama akapelekwa kwa watu asiowajua alibeba huzuni ambayo hakuna mzee aliyekaa barazani kuisikiliza.

Njia ya pili ilikuja na Uislamu. Mfanya biashara Ahmed bin Ibrahim alifika katika baraza la Kabaka Suna mwaka 1844, na baada yake wakafuata wengine kutoka Unguja na Bara, wakileta nguo, bunduki na Kitabu. Na pamoja na Kitabu ikaja sheria iliyopambanua kwa uwazi mambo mawili ambayo desturi ya ukoo iliyachanganya, yaani kumlea mtoto na kumlisha. Kwa sheria hiyo mtoto mdogo hukaa na mama yake aliyetalikiwa, ilhali baba hubakia na wajibu wa chakula, mavazi na makazi ya mtoto, na hata humlipa mama ujira wa kunyonyesha akiutaka. Na kwa madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo yaliyofuatwa na watu wa pwani na wanafunzi wao wa Buganda, mtoto afikapo umri wa kupambanua mambo, yapata miaka 7, huulizwa mwenyewe anataka kukaa na nani. Serikali ya Waingereza iliitambua ndoa na talaka ya Kiislamu kwa sheria ya mwaka 1906, na waumini wa Kampala wakawa wakipeleka mashauri yao kwa masheikhe, hasa katika kilima cha Kibuli, chini ya ulinzi wa nyumba ya Mwana wa Mfalme Nuhu Mbogo na baada yake mwanawe Badru Kakungulu. Sheikh alikuwa na elimu na hishima; asichokuwa nacho ni askari. Baba mcha Mungu alilipa. Asiyemcha Mungu alihamia mtaa mwingine.

Njia ya tatu ililetwa na Wakristo na dola iliyowafuata. Wamisionari Waanglikana walifika mwaka 1877 na Mapadri Weupe mwaka 1879. Lugard akajenga ngome yake juu ya kilima cha Kampala mwezi wa Desemba 1890. Na katika muda mfupi machifu wakuu wa Buganda walikuwa wamebatizwa. Aliyetaka ubatizo alitakiwa kubaki na mke mmoja, naye akawa hana budi kuwaacha wengine, pamoja na kwamba walikuwa wamemzalia watoto na hawakuwa na kosa lolote. Sijui kama imepata kuandikwa sawasawa habari ya watoto hao, waliozaliwa katika nyumba ya halali ya zamani wakaamka siku moja wamo nje ya nyumba ya halali mpya. Lakini hapo ndipo ulipoingia Buganda mpaka kati ya mtoto wa ndoa na mtoto asiye wa ndoa, mpaka ambao ukoo haukuujua, kwa sababu ukoo uliuliza tu damu ni ya nani. Sheria ya ndoa ya mwaka 1902 na ile ya talaka ya mwaka 1904 ziliutia mpaka huo muhuri wa serikali. Jaji aliweza kuamua mtoto akae na nani na baba alipe nini, ila mlango wa mahakama hiyo ulikuwa wazi kwa wale tu waliofunga ndoa iliyoandikwa, na walio wengi hawakuwa miongoni mwao.

Lakini kilichowatenga baba na watoto kuliko dini zote ni kodi na kazi ya mshahara. Mapatano ya mwaka 1900 kati ya Waingereza na Buganda yaliweka kodi ya rupia 3 kwa kila nyumba, na rupia hazioti mgombani. Mwanamume akatoka kwenda kuzitafuta. Watu wa Ankole, Kigezi, Rwanda na Burundi waliteremka Buganda kulima pamba na kahawa ya wenye mashamba, na reli ilipofika Kampala mwaka 1931 mji ukawafungulia mlango watu wa Nyanza na Mombasa. Wengi waliwaacha wake na watoto nyumbani, na baadhi yao wakapata wake wengine na watoto wengine mjini, bila mahari wala sheikh wala padri. Wanazuoni Southall na Gutkind, waliotumwa na taasisi ya utafiti wa jamii iliyokuwa Makerere, waliichunguza mitaa ya Kisenyi na Mulago na kutoa kitabu chao mwaka 1957. Na katika kurasa zake tunawaona wanawake waliokodi chumba kwa fedha yao wenyewe, wakipika pombe na kuuza chakula, wakiishi na mwanamume kwa muda wa mapatano na kuachana naye bila shauri kubwa, nao watoto wakapelekwa kwa bibi kijijini.

Katika maisha hayo ubaba ulianza kupimwa kwa fedha. Mjaluo aliyefanya kazi katika reli, akiwa na chumba katika mtaa wa Nakawa au Naguru, ambako mwanazuoni David Parkin alikaa akiandika habari za wakazi mwanzoni mwa miaka ya 1960, alikuwa akimtaka mkewe awe na shamba kwao hata kama yeye mwenyewe yuko mjini. Akatuma fedha kwa hawala ya posta, au kwa mkono wa ndugu apandaye treni, pamoja na barua ya kuuliza kama ada ya shule imelipwa. Mwacholi na Mlango walikuja na desturi yao ya luk, yaani malipo ambayo mwanamume huwapa watu wa msichana aliyezaa naye nje ya ndoa, na kwa malipo hayo hupata haki ya kumwita mtoto wake. Asipolipa, mtoto hubaki wa ukoo wa mama. Hivyo katika ua mmoja wa Kampala, wenye vyumba sita vinavyotazamana na bomba moja la maji, mliweza kuwamo sheria nne za ubaba, na mtoto akacheza na wenziwe asijue kwamba kila mmoja wao ana jibu jingine la swali la nani anayewajibika kwake.

Wakati huohuo, mwaka 1954, alifika Kampala mwanasaikolojia Mary Ainsworth, akawafuatilia watoto wachanga 28 katika vijiji vya Buganda vilivyo karibu na mji, akiwatembelea majumbani mwao na kuandika jinsi kila mtoto alivyolia, alivyofuata na alivyoshika. Kitabu chake, kilichotoka mwaka 1967, kimekuwa msingi wa elimu inayofundishwa dunia nzima juu ya jinsi mtoto anavyoshikamana na wamleao. Watu hukikumbuka kwa habari ya mama. Walakini humo mlikuwamo pia ushahidi kwamba mtoto mchanga huweza kushikamana na watu zaidi ya mmoja, baba akiwa miongoni mwao. Jambo lenye maana kubwa kwetu ni kwamba ushahidi huo ulichukuliwa katika vibaraza vya Buganda, na watoto wetu ndio walioutoa: mtoto humjua baba kwa kumwona na kupakatwa naye, na hakuna hawala ya posta iwezayo kumpakata mtoto.

Serikali ya kikoloni nayo, ilipoona watoto wasio na baba wa kuwalisha wanaongezeka mijini, ilileta katika miaka ya 1940 sheria iliyochukuliwa kutoka Uingereza, iliyompa mwanamke asiye na mume haki ya kumwita mahakamani mwanamume anayemtaja kuwa baba wa mtoto wake, na hakimu akiridhika akamwamuru mwanamume huyo kulipa fedha kila mwezi. Tanganyika walipata sheria ya namna hiyo mwaka 1949, na Kenya mwaka 1959. Nao Wakenya waliifuta yao mwaka 1969, baada ya wabunge wanaume kulalamika kwamba inawanyanyasa, hata kina mama wa Nairobi wakaachwa bila njia. Uganda haikuifuta yake wakati huo, na kwa hilo inastahili sifa. Lakini tuitazame sheria yenyewe ilivyokuwa: ilimwona baba kama mdeni na mtoto kama deni, haikumpa mtoto jina wala ukoo wala mirathi, wala haikumwuliza baba atamwona mwanawe lini. Mwanamume alitoka mahakamani akiwa amepewa amri ya shilingi, akahesabu kwamba akizilipa amemaliza. Fikra hiyo, kwamba ubaba ni malipo, ndiyo urithi mbaya kuliko yote tulioachiwa na zama zile.

Baada ya Uhuru wa tarehe 9 Oktoba 1962, serikali mpya iliunda mwaka 1964 tume ya kuchunguza ndoa, talaka na hali ya wanawake, chini ya uenyekiti wa Bwana William Wilberforce Kalema, na taarifa yake ikatolewa mwaka 1965. Ilikuwa mara ya kwanza kwa wananchi wa Uganda wa makabila na dini zote kuulizwa na serikali yao wenyewe jinsi wanavyotaka nyumba zao ziwe. Mengi ya yaliyopendekezwa yalibaki katika karatasi, kwa maana nchi iliingia katika masaibu. Mwaka 1970 serikali ya Obote iliwafukuza maelfu ya wafanya kazi Wakenya, na wanaume waliokuwa na wake na watoto Kampala walipanda magari ya moshi wakawaacha nyuma. Mwaka 1972 Amin aliwafukuza Wahindi. Mwaka huohuo Bwana Kalema, aliyekuwa amewasikiliza watu wengi wakieleza habari za nyumba zilizovunjika, alichukuliwa na watu wa utawala asionekane tena, na mkewe, Bibi Rhoda Kalema, akabaki na watoto wa kulea. Kisha vikaja vita vya 1979, vita vya Luwero vya 1981 hadi 1986, na ugonjwa wa UKIMWI, ambao uliwafagia akina baba na akina mama pamoja. Katika miaka hiyo swali la kama baba aliyetengana na mkewe analipa masurufu lilififia mbele ya swali la kama baba yu hai. Na waliobeba watoto wa Kampala ni bibi zao wa vijijini, ambao taifa halijawalipa fadhila yao.

Nchi ilipotulia, sheria ziliandikwa upya, na naweza kusema bila kusitasita kwamba ziliandikwa vizuri. Katiba ya mwaka 1995 ilitamka kwamba kutunza na kulea watoto ni haki na wajibu wa wazazi, na kwamba mtoto ana haki ya kuwajua wazazi wake na kulelewa nao. Sheria ya Watoto ya mwaka 1996 ikaweka dhima ya uzazi juu ya kila mzazi, aliyeoa na asiyeoa, na ikafungua njia ya kuomba amri ya matunzo tangu mimba ingali tumboni hata mtoto atimizapo miaka 18. Ombi laweza kuletwa na mama, na baba, au na mlezi mwingine yeyote, kwa kuwa mwenye haki hiyo ni mtoto. Ziliundwa mahakama za familia na watoto zinazokaa faraghani bila vitisho vya mahakama kubwa, na katika kila kijiji na mtaa mjumbe mmoja wa baraza akapewa kazi ya kuangalia mambo ya watoto. Mwaka 2004 Mahakama ya Katiba, kwa shauri lililoletwa na chama cha wanawake wanasheria cha FIDA, kilichoanzishwa mwaka 1974, ilivibatilisha vifungu vya ile sheria ya talaka ya 1904 vilivyomtaka mke athibitishe makosa mengi zaidi kuliko mume ili apewe talaka. Miaka 100 ilikuwa imepita.

Aghalabu, hata hivyo, mashauri ya watoto hayafiki kwa hakimu. Huanzia kwa mwenyekiti wa mtaa, ambaye watu wote humwita LC One, katika chumba chenye benchi, meza, na muhuri uliofungiwa kwenye mtoto wa meza. Mama hueleza, baba huitwa kwa barua, majirani wawili watatu huketi kama mashahidi. Na mwisho katibu huandika katika daftari la shule kwamba fulani amekubali kuleta kiasi fulani kila mwisho wa mwezi, sabuni, na nusu ya ada ya muhula, nao wote wawili hutia sahihi au dole gumba. Nimelitazama daftari la namna hiyo kwa makini. Ukurasa baada ya ukurasa imeandikwa fedha, unga, sare, dawa. Ni mara chache mno kukuta sentensi inayosema baba atamchukua mtoto siku gani, watakwenda wapi, na atamrudisha saa ngapi. Daftari lile limekuja karibu zaidi na watu kuliko mahakama ya mkoloni, lakini bado linaandika habari ya nusu ya baba.

Tangu mwaka 2009 fedha hupita kwenye simu, na jambo hili limekuwa rehema kubwa: baba aliyeko Juba, Dubai au Mbarara hutuma masurufu kwa dakika moja, na ujumbe unaobaki katika simu ni ushahidi asioweza kuukana yeye wala mama. Lakini rehema hiyo ina mtego ndani yake, kwani imewezekana sasa mwanamume kulipa miaka kumi bila kuiona sura ya mwanawe hata siku moja, na dhamiri yake ikalala usingizi. Anayetaka kujua tofauti iliyopo na asimame nje ya lango la shule ya bweni Jumapili ya kutembelewa. Magari yamepangwa hadi barabarani, akina mama wamebeba kuku na chapati katika vyombo vilivyofungwa kwa vitambaa, na watoto wamesimama nyuma ya ua wa miti wakinyoosha shingo. Wapo wanaotembelewa na wazazi wote wawili waliokuja kila mmoja kwa njia yake, wakaketi juu ya jamvi moja kwa ajili ya mtoto ingawa hawasemezani. Wapo waliogawiwa mihula, huu wa mama na ule wa baba. Na wapo ambao ada yao imelipwa kamili na mapema, lakini hakuna aliyekuja. Hawa wa mwisho huketi na jamaa za rafiki zao, wakala chakula cha wageni, na hawasemi neno.

Mwaka 2023 jambo jingine liliwashtua watu wa Kampala, pale wanaume wengi walipokwenda kupima vinasaba vya watoto wao, wengine katika maabara ya serikali iliyoko Wandegeya, na nyumba kadha wa kadha zikavunjika kwa karatasi moja. Maaskofu, masheikhe na wazee wa koo walisihi watu wafanye subira, na wazee wengine wakakumbusha kwamba Waganda walikuwa na kipimo chao tangu zamani. Nami sisemi kwamba kalira ni sawa na maabara kwa elimu. Nasema kwamba kalira ilifanywa mara moja, mtoto angali mdogo, mbele ya watu walioahidi kumchukua. Kumbe kipimo cha Wandegeya aghalabu hufanywa wakati mtoto ameshazoea kumwita mtu baba kwa miaka mingi, na matokeo yake husomwa na watu wawili wenye hasira. Mtoto wa miaka kumi na miwili hawezi kurudishwa tumboni akatafutiwe baba mwingine. Aliyemlea anajulikana, na wahenga walikwisha kusema kuwa kuzaa si kazi, kazi ni kulea.

Hii ndiyo tarikhi ya mji wetu katika jambo hili, na hukumu yangu juu yake ni kwamba kila zama ilishika sehemu ya haki ya mtoto na kuiangusha sehemu nyingine. Ukoo ulishika jina, ukamsahau mama. Sheria ya Kiislamu iligawa ulezi na masurufu kwa insafu, ila ikamtegemea mcha Mungu. Mkoloni alishika shilingi, akatufundisha kudhani kwamba shilingi ndiyo baba. Katiba na sheria zetu zimeyataja yote matatu, na sasa kilichobaki si kuandika sheria nyingine, ni kuwapata watu wa kuitimiza hii tuliyo nayo.

Kwa hiyo, wewe baba usiyeishi na watoto wako, lipa unachopaswa kulipa kwa wakati wake, kwa maana mtoto hali maneno; kisha umpeleke mtoto kwa wazee wako akapewe jina angali mdogo, na utakapotia sahihi katika daftari la LC, omba iandikwe humo siku na saa utakayokuwa pamoja naye, uishike siku hiyo kama unavyoishika siku ya mshahara. Wewe mama, ikiwa mwanamume huyo si mtu wa kupiga wala wa kumdhuru mtoto, usimfungie mlango kwa sababu ya yaliyopita kati yenu. Na ikiwa ni mtu wa kudhuru, sheria ikulinde, wala asidai haki ya kumwona mtoto apate njia ya kukutesa. Nanyi wazee wa koo, masheikhe na mapadri, rudini kuwa mashahidi kama walivyokuwa waliowatangulia, mkamwulize kila mwanamume aliyetengana na mkewe ni lini mara ya mwisho alipowaona watoto wake, na msiridhike akijibu kwamba ada imelipwa.